Albamu Hufia Mazoezini au Kwenye Makaratasi

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanabendi wa roki waliokutana Nairobi kuzungumzia albamu za kwanza. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu zangu na dada zangu, wapiga gitaa, wapiga besi, waimbaji, nanyi wapiga drams mlioketi kule nyuma: hamjambo nyote?

Nimeombwa nizungumzie albamu ya kwanza ya bendi isiyo na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya rekodi. Bendi inayojilipia. Bendi ambayo pesa ya studio imechangwa na watu wanne, na mmoja wao bado anadaiwa kodi ya nyumba. Wengi tukitaja albamu, mawazo hukimbilia studio: maiki gani, ampu gani (kile kikuza sauti cha gitaa), prodyuza gani. Hayo nitayagusa, tena kwa urefu. Lakini neno langu la leo ni hili, na nitalirudia: albamu haifii studio. Albamu hufia mazoezini, kabla hamjaingia studio, au hufia kwenye makaratasi, mkishatoka.

Tuanze na mazoezi.

Tarehe 23 Januari 1988, vijana watatu waliingia katika studio ndogo mjini Seattle, Marekani, iliyoitwa Reciprocal Recording. Bendi yao ilikuwa bado inabadilisha majina. Mpiga drams hakuwa wa kwao. Walimwazima Dale Crover kutoka bendi ya Melvins. Fundi wa sauti alikuwa Jack Endino. Mchana ule mmoja walirekodi nyimbo kumi. Nasema kumi! Wimbo wa kumi haukufika mwisho, kwa sababu kanda iliisha wakiwa bado wanapiga, na pesa ya kununua kanda nyingine haikuwapo. Ikabidi sauti ishushwe taratibu mpaka ipotee, na mambo yakaishia hapo. Bili ya siku ile ilikuwa dola 152.44. Bendi hiyo baadaye ikajiita Nirvana, na nyimbo mbili za mchana ule zikaingia katika albamu yao ya kwanza, Bleach, iliyotoka Juni 1989 chini ya lebo huru ya Sub Pop. Albamu nzima iligharimu dola 606.17 kwa takriban saa 30 za studio. Gawanyeni wenyewe: karibu dola 20 kwa saa.

Sasa niulize. Nyimbo kumi kwa mchana mmoja, waliziwezaje? Walikuwa na vyombo vya ajabu? Hapana, studio ilikuwa na mashine ya nafasi nane tu, yaani ya kunasa sauti nane tofauti. Waliziweza kwa sababu kila mmoja aliingia akijua wimbo unaanzaje, unapinda wapi na unaishaje. Hakuna aliyekuwa anatunga huku saa ya kulipiwa inahesabu.

Basi miezi miwili kabla ya studio, fanyeni hivi. Rekodini mazoezi kwa simu. Msiiweke mbele ya ampu. Iwekeni mita mbili au tatu kutoka kwenye drams, kimo cha kifua, ili isikie chumba kizima. Msisikilize usiku uleule, masikio yakiwa yamechoka na kila mtu anajipenda. Sikilizeni kesho yake. Kisha kila wimbo uandikiwe karatasi moja: mapigo kwa dakika, ufunguo, mpangilio wa beti na viitikio, nani anaanza, nani anamaliza, na urefu wake kwa dakika na sekunde. Mkikuta hamkubaliani kiitikio cha mwisho kinarudiwa mara ngapi, mshukuru Mungu kwamba mmegundua mkiwa mazoezini.

Mwendo ndio unaoziumiza bendi nyingi. Wimbo uliotungwa kwa mapigo 140 hupigwa jukwaani kwa 152, damu ikichemka, na hadhira haijali. Lakini mkiurekodi kwa 152 mwimbaji hapati pa kuvuta pumzi na maneno yanamezwa. Jaribuni 140, jaribuni 144, jaribuni 148, na mwamuzi awe mwimbaji. Mpiga drams naye ajizoeze na metronomu, ile sauti inayogonga mapigo sawasawa, masikioni kwa wiki tatu angalau. Asipozoea, atakuwa anaikimbiza, na inasikika kabisa: kila anapojaza kwenye tomu anaharakisha, kisha anasubiri. Kama wimbo wenu una tabia ya kupumua, yaani kiitikio kinasonga polepole kuliko ubeti, amueni mapema. Ama mpange mapigo hayo kwenye komputa sehemu kwa sehemu, ama muizime metronomu kabisa. Njia zote mbili ni halali. Kubishana juu yake ndani ya studio ni kuchoma pesa.

Nyimbo ngapi? Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hubeba vizuri dakika 18 hadi 20 kila upande. Mkizidisha, mifereji inabanana na sauti inabidi ipunguzwe. Hata msipofikiria santuri, nyimbo nane mnazozisimamia kwa miguu miwili ni bora kuliko kumi na mbili ambazo nne zake mnaziombea radhi.

Siku moja kabla ya kurekodi, gitaa ziwekwe nyuzi mpya na zivutwevutwe kwa mkono, maana uzi mpya hulegea na kupoteza noti saa zote za mwanzo. Gitaa lipelekwe kwa fundi mapema: noti ya fret ya 12 (fret ni kile kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa) iwe sawasawa na ya uzi mtupu, oktava moja juu. Isipolingana, mtaweka sawa nyuzi siku nzima na bado kodi za juu, zile noti zinazopigwa pamoja, zitakuwa chungu. Ngozi za drams zibadilishwe siku mbili kabla ili zitulie. Na mfuko mmoja uwe na betri za tisa volti, fyuzi, kebo za akiba, fimbo za drams na ufunguo wa kukazia ngozi. Ufunguo huo ni kitu cha bei ndogo, lakini ukisahauliwa, watu watano watakaa chini wakingoja bodaboda auletee.

Haya, tumeingia studio. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu drams ndizo zinazokula saa.

Msitishwe na orodha ya maiki 12. Maiki nne zinatosha kutengeneza albamu ya roki: moja kwenye kiki, ile drams kubwa ya mguu, moja kwenye snea, ile ndogo kali ya mbele, na mbili juu ya matoazi. Kazi kubwa iko kwenye zile mbili za juu. Chukueni uzi wa kawaida, wa kushonea magunia. Mtu mmoja ashikilie ncha yake katikati ya snea. Mwingine auvute mpaka ufike maiki ya kushoto, kisha afunge fundo hapo. Uzi huohuo, ncha ikiwa bado katikati ya snea, upelekwe kwenye maiki ya kulia. Fundo lazima liguse maiki palepale. Likipita au likipungukiwa, sogezeni stendi. Kwa nini kujisumbua hivi? Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja. Maiki moja ikiwa mbali kwa sentimita 17 zaidi, snea inaifikia ikiwa imechelewa nusu milisekunde, na mkizijumlisha sauti zile mbili, mawimbi ya karibu hezi 1,000 yanapingana na kufutana. Hapo ndipo mnasikia snea imekonda, imekuwa kama bati, na mtu anaanza kulaumu snea, analaumu maiki, analaumu mpigaji. Kumbe tatizo ni sentimita 17. Hakuna programu itakayoirudisha snea vizuri kama uzi ule ungeiweka sawa mwanzoni.

Kisha sikilizeni drams zote kwa spika moja tu. Zikipungua uzito mnapounganisha kushoto na kulia, kuna maiki inayopingana na nyenzake. Geuzeni mawimbi ya kiki, yaani juu iwe chini na chini iwe juu, kisha ya snea, moja baada ya nyingine, mkisikiliza ipi inarudisha uzito ule.

Chumba je? Vyumba vyetu vingi ni vya mawe na saruji, dari iko chini, na sakafu ni ya vigae. Matoazi humo yanapiga kelele kuliko mpigaji mwenyewe. Zulia zito chini ya drams, magodoro yasimamishwe pembeni, mablanketi yaning'inizwe nyuma ya mpigaji na, ikiwezekana, juu ya kichwa chake. Trei za mayai hazisaidii. Zinapunguza mng'ao kidogo tu na kuacha mvumo wote wa chini.

Na umeme. Nyote mnajua. Komputa na kifaa cha kuingizia sauti viwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu komputa yenye betri itabaki hai lakini kifaa kitazimika katikati ya wimbo na faili linaweza kuharibika. Mkisikia mvumo kwenye gitaa, ondoeni chaja ya komputa kwanza msikilize. Mara nyingi ndiyo. Kisha vyombo vyote vichukue umeme kutoka tundu moja la ukutani, kwa sababu vikitoka kwenye mizunguko tofauti, waya za ardhi zinakutana kupitia kebo zenu na kuvuma.

Gitaa: punguzeni ile mikwaruzo ya ampu kuliko mnavyotumia jukwaani. Najua hampendi kusikia. Lakini mkirekodi gitaa moja kushoto na jingine kulia, mikwaruzo inajumlishana, na kile kilichokuwa kizito kinageuka uji. Maiki, ile Shure SM57 ambayo karibu kila studio inayo, iwekwe sentimita mbili au tatu kutoka kitambaa cha spika, nusu ya njia kati ya katikati na ukingo. Ikisogea katikati, sauti inakuwa kali. Ikisogea ukingoni, inakuwa nene na nyeusi. Sogezeni maiki kabla ya kugusa kitufe chochote. Na wakati huohuo rekodini sauti tupu ya gitaa kabla haijaingia kwenye ampu, katika nafasi yake. Mkigundua wiki ya pili kwamba ampu ilikuwa mbaya, mtaipitisha sauti ile kwenye ampu nyingine bila kumwita mpigaji.

Viwango: biti 24, kilohezi 44.1 au 48, na kilele kisizidi desibeli 10 chini ya sifuri. Mkiwa na biti 24 hamna sababu ya kujaza kipimo. Sauti ikigonga sifuri inakatwa kichwa, na kichwa kile hakirudi.

Mwimbaji asiimbe jioni, baada ya siku nzima ya kupiga kelele kuwasaidia wenzake kushika nafasi. Apewe siku zake, saa mbili au tatu kwa siku, nyimbo mbili tu, teki nne au tano kila wimbo, yaani urekodiwe mara nne au tano. Teki ya 11 haijawahi kuwa na roho ya teki ya 3.

Na hapo kwenye teki nina kisa. Tarehe 28 Desemba 1976, bendi ya Buzzcocks ya Manchester, Uingereza, ilirekodi nyimbo nne za rekodi yao ya kwanza, Spiral Scratch. Haikuwa albamu kamili, lakini subirini muone kwa nini naileta. Kurekodi kulichukua saa tatu, kuchanganya saa mbili. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulikuwa teki ya ngapi na kama kuna kilichoongezwa juu yake. Waliwaambia wanunuzi: huu ni teki ya tatu, hatukuongeza kitu. Vijana wa miji mingine wakasoma wakasema, kumbe hata sisi tunaweza. Nami nawaambia, hata msipochapisha kwenye jalada, andikeni. Daftari moja, mtu mmoja wa kuandika: wimbo, namba ya teki, muda, kilichoharibika. «Teki 3, ubeti wa pili besi imechelewa, kiitikio safi.» Fundi wa kuchanganya akilipata daftari hilo atawaokolea siku nzima. Asipolipata, atasikiliza teki 60 mojamoja, na saa zake ni pesa zenu.

Kuchanganya nitapita haraka. Pumzikeni wiki moja kabla. Sikilizeni kwa sauti ya chini, kisha kwenye simu, kisha kwenye gari la mtu. Sauti ya mwimbaji ikipotea kwenye simu, imepotea. Kazi ya mwisho ya kusawazisha albamu nzima apewe mtu mwingine, mwenye masikio ambayo hayajachoka na nyimbo zenu, na mumwachie nafasi, msimpelekee wimbo uliokwisha kubanwa hadi juu. Msimwombe aifanye iwe na kelele kuliko zote. Kwa kawaida Spotify hushusha wimbo wenye kelele zaidi kuelekea kiwango cha LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kelele ile mliyoilipia inapunguzwa, na kinachobaki ni drams zilizobanwa hadi zikafa.

Sasa, ndugu zangu, makaratasi. Nawaomba msichukue simu zenu bado.

Turudi kwenye Bleach. Nani alilipa zile dola 606.17? Hakuwa mwimbaji Kurt Cobain wala mpiga besi Krist Novoselic. Alilipa Jason Everman, aliyejiunga kupiga gitaa la pili. Jina lake limo kwenye jalada, na picha yake imo. Lakini kwenye nyimbo za albamu ile hakupiga hata noti moja. Mtu amelipa na hakupiga. Je, ana haki gani? Ya utunzi? Ya rekodi? Ya kurudishiwa pesa zake tu? Ulizeni swali hilo katika bendi yenu leo, mkiwa bado marafiki, kwa sababu siku pesa zitakapokuja kila mtu atakuwa na jibu lake.

Katika wimbo uliorekodiwa kuna haki mbili, na mkizichanganya mtapigana. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na lahani. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na rekodi miaka 50. Sikilizeni vizuri hapa. Sheria hiyo inamhesabu mwenye rekodi kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Sasa, kama studio imewapa saa za bure, prodyuza ameleta mpiga kinanda na kulipia chakula, nani amefanya mipango? Mnaona mlango ulivyo wazi? Ufungeni kwa karatasi moja, yenye saini ya prodyuza, inayosema kwamba rekodi na faili zote ni mali ya bendi, naye amelipwa kiasi fulani au atapata asilimia fulani.

Kisha karatasi ya mgao. Kila wimbo na yake. Jina la wimbo, tarehe, jina kamili la kila mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho, alichofanya, asilimia yake ya utunzi, asilimia yake ya rekodi, na saini. Jumla iwe 100 kila upande, isiwe 99 wala 105. Kuna bendi zinazogawa sawa kwa wote, kuna zinazompa mtunzi wa maneno na lahani sehemu kubwa. Mimi naona kugawa sawa kunalinda bendi changa, maana mpiga drams aliyekuja mazoezini mvua ikinyesha kwa miaka mitatu ametunga zaidi ya mnavyofikiri. Lakini hata mkiamua vingine, amueni kabla ya kutoa wimbo. Na mwandike pia mtu akiondoka inakuwaje, jina la bendi linabaki na nani, na aliyekopesha pesa anarudishiwa kwanza kutoka wapi.

Kuna kisa cha pili cha Nirvana, nacho ni cha karatasi. Sub Pop ilikuwa na desturi ya kukubaliana na bendi kwa mdomo. Novoselic alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mmoja wa wenye lebo, akadai mkataba wa maandishi. Ukaandikwa. Baadaye kampuni kubwa ilipoitaka Nirvana, ililazimika kuilipa Sub Pop ili mkataba ule uvunjwe, pamoja na sehemu ya mauzo ya baadaye. Albamu ya pili, Nevermind, ikauza mamilioni, na lebo ile ndogo iliyokuwa hoi kwa madeni ikasimama. Karatasi iliyodaiwa na bendi ndiyo iliyoiokoa lebo. Kwa hiyo mtu akiwaambia «sisi ni ndugu, karatasi za nini?», mjibuni kwa upole kwamba ni kwa sababu ni ndugu.

Kila wimbo pia unahitaji namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi, herufi na tarakimu 12: nchi, aliyesajili, mwaka, na namba ya wimbo. Msambazaji wa mtandaoni atawapa. Inakaa na rekodi hiyo daima. Mkihama msambazaji mkapewa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji wenu huanza upya kwenye sifuri. Pelekeni namba zilezile za zamani. Sajilini nyimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na watunzi wajiunge na chama kinachokusanya mirabaha ya utunzi. Waimbaji na wapigaji wana haki yao tofauti, msidhani mkijiunga kimoja mmemaliza. Ndugu zetu wa Tanzania waanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya kwao.

Kutoa. Faili zimfikie msambazaji wiki nne kabla ya siku yenyewe. Jalada liwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000. Siku iwe Ijumaa, ndiyo siku ya dunia nzima tangu Julai 2015, ingawa bendi ndogo haikatazwi kuchagua Jumanne yenye utulivu. Mkitaka wahariri wa Spotify wausikie wimbo wenu, upendekezeni siku saba kabla angalau, na ni mmoja tu, kwa hiyo chagueni. Kabla ya yote hayo, tafuteni jina la bendi yenu kwenye majukwaa. Likiwa tayari lina mwenyewe, albamu yenu itatua kwenye ukurasa wa kwaya ya nchi nyingine, na kuihamisha ni wiki za barua.

Nani anawalipa? Tangu 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Basi msiweke matumaini yote huko. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inakata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, pamoja na ada ya malipo, na kuwaachia iliyobaki. Na meza yenu mlangoni, siku ya onyesho, yenye namba ya M-Pesa iliyoandikwa kubwa, haikati kitu zaidi ya ada yake.

Nakala ngapi mchapishe? Turudi Manchester. Buzzcocks walikopa pauni 500, sehemu yake kutoka kwa baba yake Pete Shelley, mpiga gitaa wao, wakatengeneza nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe waliyoiita New Hormones. Fanyeni hesabu: nusu pauni kila nakala, kurekodi na kuchapa na jalada. Ilikuwa rahisi kujua ni nakala ngapi zikiuzwa deni limelipwa. Zilipokwisha, ndipo wakachapa nyingine, na zikafika takriban 16,000. Hakuna aliyelala na masanduku chini ya kitanda. Nanyi anzeni na idadi ambayo watu wanaokuja kwenye maonyesho yenu matatu ya karibu wanaweza kuimaliza. Viwanda vya santuri huanzia nakala 100 hadi 300 na huchukua miezi, kwa hiyo tarehe ya albamu ifuate santuri. Kwanza huwaletea nakala chache za majaribio: zisikilizeni zote, upande wote, kwa mashine mbili tofauti za kuchezea santuri. Wimbo wenye «s» kali na matoazi mengi msiuweke mwisho wa upande, kwa sababu karibu na katikati mifereji inapita polepole chini ya sindano, na sauti inakwaruza. Wekeni hapo ule wa utulivu.

La mwisho ni kutunza, na kisa chake kinapita hapahapa Nairobi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika miji ya migodi ya shaba ya Zambia, kulikuwa na bendi iitwayo WITCH. Kiongozi wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Albamu yao ya kwanza, Introduction, waliitoa wenyewe na kuiuza kwenye maonyesho yao, mkono kwa mkono. Santuri za mwanzo za roki hiyo ya Zambia zilichapwa hapa Nairobi. Kanda zilisafiri, santuri zikarudi. Mnaona? Mji huu ulikwisha kuzaa albamu za kwanza za roki wakati baba zenu ni wavulana.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, kumbi zikafungwa, ukimwi ukaja. Wenzake Jagari wa kikosi kile walifariki wote. Yeye akaenda kuchimba vito. Kwa miaka mingi muziki ule ulibaki kwenye santuri chache zilizokwaruzwa, mikononi mwa wakusanyaji, mpaka lebo ya Now-Again ya Marekani ilipozikusanya albamu zao na kuzitoa upya mwaka 2012. Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Nafurahi kila nikikumbuka. Lakini fikirini ni bendi ngapi za wakati ule ambazo santuri ya mwisho ilivunjika na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Ninyi hamna kanda. Mna faili, na diski hufa kimya kuliko kanda. Nakala tatu: moja kwenye komputa, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba hiyo, mtandaoni au kwa mama yenu mashambani. Msitunze mradi wa programu peke yake, maana programu itabadilika na haitafunguka. Toeni kila chombo kama faili la WAV, yote yaanzie sekunde ya sifuri, yakiwa na majina yanayosomeka: wimbo, chombo, mapigo kwa dakika. Mtu wa mwaka 2060 akiyapanga kwenye mstari mmoja, wimbo utapiga. Ndani ya folda hiyohiyo wekeni maneno ya nyimbo, jalada, namba za ISRC, na picha za zile karatasi za mgao zenye saini.

Karatasi tupu za mgao ziko pale mezani karibu na mlango, na kalamu zipo. Kila bendi ichukue kumi, moja kwa kila wimbo na akiba kidogo. Wapiga drams, piteni kwanza.